Nane juu ya Ishirini

Ripoti ya Nsimire ina kurasa tisa na doa la mafuta ya taa.
Naisoma usiku, hapa Kadutu, umeme umekwenda tena,
mvua inauteremsha mlima kijiko kwa kijiko mbele ya mlango wangu.
Kwenye fomu, mstari wa kwanza, ameandika:
Mfaidika: Faida M'Lushuli, miaka kumi na tisa.
Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Faida alijifungua Jumanne. Mtoto mzima, kilo tatu na kitu.
Alhamisi akapewa karatasi ya kutoka
na karatasi nyingine, ya kulipa.
Ya kwanza haina miguu bila ya pili.
Basi akakaa. Siku ishirini na sita.
Kitanda akapewa mwingine, yeye akahamia mkeka,
mkeka ukahamia ukumbini, karibu na ndoo.
Mlinzi wa geti anamjua kwa jina na kwa deni.
"Hajafungwa," alimwambia Nsimire, "amechelewa tu kutoka."

Na mimi nilikuwa nimewafundisha! Ubao mzima,
kwa kraya iliyovunjika mara tatu kabla sijafika nukta:
kila mtu ana haki ya
kila mtu ana haki ya
Wanafunzi arobaini na wawili wakanakili,
pamoja na makosa yangu ya herufi.
Byamungu akauliza: Itatoka kwenye mtihani?
Nikasema ndiyo.
Mungu anisamehe, sikuongeza neno.

Ukurasa wa saba: darasa lilichanga.
Faranga mia tano, elfu, mmoja alitoa nauli yake akarudi Panzi kwa miguu.
Wakalipa. Wakamvika kitenge kipya,
wakampandisha pikipiki hadi Cimpunda, mtoto kifuani kama barua.
Picha imebandikwa kwa gundi: wote meno nje,
Faida anaangalia pembeni.
"Tatizo limetatuliwa," na chini yake mstari, kwa rula.

Nikaandika nane juu ya ishirini.

Asubuhi akanifuata kwenye ngazi, macho mekundu.
"Mwalimu, ulitaka tumwache pale?"
Sikutaka. Ningekuwa na pesa ningechanga, na ningejisifu kuliko wao.
Nikamuuliza tu: Ule mkeka, leo analalia nani?
Amri ya kufunga geti imeandikwa wapi, na mkono wa nani?
Faida mlimuuliza anataka nini,
au mlimuuliza anadaiwa ngapi?

Hakujibu. Nami kuna jambo sikumwambia.
Mama yangu, ili nitoke pale mimi, niliyekuwa na siku tisa,
aliacha cherehani. Singa nyeusi, ya urithi, pedali yake na yote.
Hadi anakufa alimsifu yule karani:
mtu mwema, alikubali cherehani!
Miaka kumi na moja nafundisha haki za binadamu
na somo hilo sijalifungua hata siku moja.

Nsimire alirudi bila bahasha. Alirudi na daftari.
Akahesabu mikeka: saba.
Akaandika majina saba, na kila mmoja akasema
kitu ambacho fomu yetu haina nafasi yake.
Mmoja alisema anataka kufua nguo zake kwenye maji yanayotembea.
Faida akaja pia, mtoto mgongoni, hakuna aliyemwita;
akaketi mbele ya bilo ya mkurugenzi
akasema: Kitenge niliwashukuru.
Lakini geti lile mlinifungulia mimi tu.

Nimelipata hilo kwenye ripoti ya pili,
kurasa tatu, mwandiko wa haraka, hakuna mstari wa rula.
Pale palipoandikwa mfaidika amekata, akaacha jina.
Alama bado sijaweka. Peni iko mkononi.

Mkurugenzi, wanasema, yuko kwenye mkutano.
Wao wapo ukumbini, karibu na ndoo,
wanane sasa, maana jana usiku
ameongezeka mmoja.